Fundi wa Ng'ambo ya Barabara

Nyie vijana mnaokuja kuniuliza habari za mbao, swali lenu ni lile lile kila siku: mninga mkavu mtu anautambuaje? Nitawaambia. Halafu nitawaambia na jambo ambalo hamjaniuliza, maana hilo halifundishwi chuoni wala kwenye hizo video mnazoangalia kwenye simu.

Mninga uugonge kwa fundo la kidole. Ule mbichi unaitika kama mtu aliyejifunika blanketi. Mkavu unakujibu palepale. Kama bado una wasiwasi, piga randa mkono mmoja tu, okota randa, yaani lile ganda jembamba la mbao lililodondoka, lizungushie kidole. La mbao mbichi litajiviringa kama utepe wa kitambaa. La mbao kavu litakatika. Na mkishanunua, msipange ubao juu ya ubao mkaziba. Wekeni vijiti katikati, upepo upite, na msiziweke juani mkidhani mnaziharakisha. Nilifanya hivyo nikiwa na umri wenu, nikapata mbao zilizopinda kama pinde za kuwindia.

Jambo la pili ni wivu. Nimefanya useremala hapa Kashaulili mpaka vidole vikakataa kukunja, na katika miaka yote hiyo hakuna kilichonichosha kama wivu. Msumeno ulinichosha mikono, lakini jioni mikono ilipumzika. Wivu haukupumzika hata Jumapili.

Mtu niliyemwonea wivu anaitwa Zakaria. Wengi mnamfahamu, maana karakana yake bado ipo pale ng'ambo, upande wa pili wa barabara, mkabala na hii yangu ambayo sasa anafanyia kazi mpwa wangu. Alipokuja alikuwa kijana, ametokea makazi ya wakimbizi ya Katumba, mtoto wa wale waliokimbia Burundi. Alikuja na mfuko wa salfeti, ndani yake randa moja, patasi chache na nyundo ya mpini wa kujichongea. Akafunga turubai kwenye nguzo ya umeme, akavuka barabara kuja kunisalimia.

"Amahoro, kaka," alisema, ile salamu ya amani ya kwao. "Mimi ni fundi kama wewe. Nimeomba kiwanja hapo mbele. Nimeona nisianze kabla sijakwambia."

Nikamjibu, "Barabara si yangu."

Alicheka akidhani natania. Sikuwa natania.

Mimi wakati huo nilikuwa na jina. Kama mlango wa ofisi ya serikali ulikuwa umenyooka, ni mimi. Kitanda cha bibi harusi, ni mimi. Na majeneza, hasa majeneza, karibu yote ya mjini yalitoka mikononi mwangu. Kazi hiyo ina vituko vyake. Ukishajulikana kwa majeneza, mtu akiugua hataki umtembelee. Nilikwenda kumjulia hali jirani aliyekuwa na homa ya kawaida tu, akanigeuzia mgongo akaniambia, "Gervas, usinitazame hivyo, sijafikia huko." Mke wangu alicheka njia nzima. Alinishauri nikienda kwa wagonjwa niwe natazama dari.

Basi Zakaria akaanza. Mwanzoni alipata vigoda na mbao za kufulia. Kisha mtu akampa mlango. Mlango ule aliupachika bila kurudi nao kwenye benchi hata mara moja. Ukafungwa, ukafunguka, haukulia. Wanawake walisema fundi yule akimaliza kazi nyumbani kwako anafagia maranda mwenyewe na kuyaweka kwenye ndoo ya kuwashia jiko. Mimi niliwaachia maranda yangu sebuleni, maana nilijiona ni fundi, si mfagiaji. Nikaanza kuhesabu wateja wake kuliko wangu. Mtu akisimama barabarani akitazama huku na kule, akaamua kwenda kule, chakula cha mchana kilinishinda.

Kuna siku sitaisahau. Mwalimu wangu, mzee Kasiano, alikuwa bado hai. Yeye ufundi aliupata Karema, misheni, kule ziwani, tangu enzi za kuchana magogo kwa msumeno wa watu wawili. Uzeeni macho yalikuwa yamekwisha, lakini vidole vyake vilibaki na akili. Alikuja kunitembelea, na mlangoni kwangu palikuwa na kabati ambalo Zakaria alikuwa ameomba alisitiri kwangu mvua ilipomkuta, maana turubai lake lilikuwa linavuja. Mzee akapita, mkono ukagusa kabati. Akasimama. Akapapasa kona, pale mbao mbili zinapoumana, akapitisha ukucha kutafuta mwanya. Hakuupata.

"Gervas," alisema taratibu, "leo ndiyo umefanya kazi."

Miaka yote niliyokaa kwake hakuwahi kuniambia neno hilo.

"Siyo yangu, mzee."

"Ya nani?"

"Ya kijana wa ng'ambo."

Mzee akanyoosha mkono. "Basi nipeleke kwa mwenyewe."

Nikamshika mkono mwalimu wangu, nikamvusha barabara, nikamkabidhi kwa Zakaria. Walikaa wakaongea mpaka chai ikapoa. Mimi nilirudi benchini kwangu nikapiga randa ubao mmoja hadi ukawa mwembamba usiofaa hata kwa sanduku la mayai.

Sasa niwaeleze habari ya hori, maana hapo ndipo wivu wangu ulipoingia kanisani.

Kila Noeli pale parokiani tunajenga pango. Wanawake wanaleta majani, vijana wanaleta taa, na hori la kumlaza Mtoto Yesu nilikuwa natengeneza mimi. Lilikuwa hori zuri. Miguu niliizungusha kwa mashine, pembeni nikachonga maua, nikalipaka vanishi mpaka mtu aliweza kujiona sura. Watu walikuwa wanalipiga picha. Akaja padre mpya, kijana, akaliangalia, akasema kwa heshima tu, "Baba Salome, hiki ni kitanda cha mtoto wa waziri." Mwaka uliofuata akamwomba Zakaria.

Zakaria hakushika msumeno kwanza. Alipanda baiskeli akaenda njia ya Sitalike, kwa wale Wasukuma wenye ng'ombe, akaomba aone chombo wanacholishia ndama wao. Akarudi, akachukua gogo lisilo na sifa yoyote, akalichimba katikati kwa tezo, akaliacha hivyohivyo na alama za tezo. Halikuwa na vanishi wala ua. Siku ya Noeli asubuhi likawekwa pale mbele ya altare na nyasi ndani yake. Bibi mmoja wa Kisukuma, mgeni parokiani, alilisogelea akaliinamia akalinusa, akasema kwa sauti watu wakasikia, "Hili ndama wangu angelijua." Kisha akapiga magoti palepale alipokuwa amesimama, na waliokuwa nyuma yake nao wakapiga.

Hori langu la maua halikuwahi kupigiwa magoti. Lilipigwa picha tu.

Misa ilipokwisha nikamfuata nje. Nilikuwa nimevaa koti langu la sikukuu na nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yananiwaka.

"Zakaria, yule ni Mfalme. Unamlaza kwenye gogo la pumba?"

Hakuona aibu. Alikuwa amembeba mwanaye wa mwisho begani, na wengine wakubwa wamemzunguka. Hilo nalo lilinichoma, maana mimi Mungu alinipa binti mmoja tu, Salome. Akasema, "Kaka, angelazwa kwenye kile kitanda chako, mimi ningeogopa kwenda kumwona."

"Kwa nini uogope?"

"Mimi nilizaliwa njiani. Mama alikuwa anakimbia, uchungu ukamkuta porini. Wenzake wa safari walipata mzinga wa nyuki umetupwa, wakaupasua, wakanilaza humo, mama akanibeba nao kichwani. Nilipokuwa mtoto, wenzangu walinicheka, wakaniita mtoto wa nyuki. Siku katekista aliposema kwamba Mwokozi alikosa nafasi nyumbani kwa watu, akalazwa anapokulia mnyama, nilimwuliza mara mbili kama ana uhakika. Aliposema ana uhakika, sikuona aibu tena. Nikajua huyu amekuja mpaka kwangu. Hakusimama kwenye nyumba nzuri akaniita. Alikuja mpaka kule porini."

Nikarudi nyumbani nikala wali wa sikukuu bila kusikia ladha. Nilimwonea wivu kwa kazi, na sasa nikamwonea wivu kwa kuzaliwa ndani ya mzinga. Mkiona mtu anafikia hapo, jueni anaumwa.

Niseme kitu kimoja kuhusu mimi, ili mnielewe. Kanisani nilikuwa nakwenda. Kiti changu kilijulikana. Nasadiki niliisema yote, na pale mwisho, "nangojea na ufufuko wa wafu, na uzima wa milele ijayo," niliisema pamoja na wengine. Lakini fundi wa majeneza anaona mambo. Nilikuwa nimefunga vifuniko vingi, vya wazee na vya watoto, na sikuwahi kuona hata kimoja kikifunguka. Nilidhani kila mtu anasema maneno yale kama mimi, kwa sababu ya mazoea. Sikujua kama yuko mtu anayeyasema kama anavyosema kesho tutalima.

Domitila alikuwa mmoja wao. Huyo ni mke wangu, mama Salome. Mfipa mwenye kicheko kikubwa na ulimi wa haraka. Kama ningekuwa na maneno yake ningekuwa diwani. Aliuza mchele sokoni, na wateja wake nusu walikuwa wa mchele, nusu walikuwa wa maongezi. Alianza kuvimba miguu. Akawa akipanda ngazi za kanisa anapumzika katikati. Hospitali wakatuambia moyo umepanuka, wakampa dawa, wakamwambia asibebe kitu kizito. Kwa muda akawa vizuri. Kisha akawa si vizuri, na daktari akaongea na mimi pembeni kwa ile sauti ambayo naifahamu. Mimi nami nina sauti hiyo, ndiyo ninayoitumia kuwauliza ndugu wa marehemu vipimo.

Nikaacha kazi nyingi nikakaa naye. Nyumba yetu iko nyuma ya karakana, kwa hiyo nilimwekea kitanda karibu na mlango aone watu wanaopita. Na nani alikuwa anapita kila jioni akishafagia kwake? Zakaria. Anavuka barabara, anavua kofia, anakaa kwenye kigoda mlangoni.

"Shemeji, umeamkaje na mwili?"

"Mwili umeamka, mimi bado," Domitila alimjibu, na wote wakacheka.

Mimi nilikuwa nimemuuliza swali hilohilo asubuhi. Mimi alinijibu, "Vizuri."

Walikuwa wanaongea. Nilijifanya napiga msasa kitu fulani, lakini msasa ule haukuwa unakula mbao, ulikuwa unatega masikio. Siku moja, ilikuwa ndani ya Majilio, zile wiki za kungojea Noeli, mvua imetoka kunyesha na barabara imejaa tope jekundu, nikamsikia Domitila anamwuliza.

"Zakaria, wewe uliyechimba hori, niambie. Kwa nini azaliwe? Mungu si angeweza kuja tu akiwa mtu mzima, akaongea aliyotaka, akaondoka?"

Kiswahili chake bado kilikuwa na Kirundi ndani yake, aliongea kama anayepima ubao kabla ya kukata.

"Asiyezaliwa hafi, shemeji. Alitaka kuweza kufa. Sisi wote tunaingia mlango mmoja, na hakuna aliyewahi kurudi kutuambia kule nyuma yake kukoje. Sasa yeye akaona, hawa wanaogopa. Akazaliwa ili awe na mwili wa kuingia nao mlango ule. Akaingia kama sisi, wakamlilia kama tunavyoliliwa, wakafunga. Siku ya tatu akatoka. Mimi Noeli naipenda kwa sababu hiyo. Siku ile ndipo alipoanza safari ya kuja kutuchukua."

"Kwa hiyo nikiingia nitamkuta."

"Utamkuta, shemeji."

"Nami nitatoka?"

"Utatoka na mwili mzima. Hiyo miguu haitavimba."

Nilisikia mke wangu anashusha pumzi, pumzi ndefu ambayo sikuwa nimeisikia tangu augue. Nilitaka kufurahi. Badala yake niliutupa ule msasa chini ya benchi. Mimi niliishi naye toka ana umri wa binti, nilimnunulia dawa, nilimwosha, nilimpikia uji, na sikuweza kumpa pumzi ile. Mtu wa ng'ambo ya barabara akaja na kofia mkononi akampa.

Alipoondoka niliingia ndani. Nikasema, "Mnaongea sana."

Domitila akanitazama. Alinifahamu kuliko randa langu. "Baba Salome, unamwonea wivu Zakaria?"

"Wivu wa nini?"

"Sijui wewe. Mimi nilikuwa natafuta wakati mzuri nikwambie neno, na huu si mzuri, lakini muda wenyewe ndio huu. Jeneza langu nataka alitengeneze yeye."

Nyie vijana, nimewahi kukatwa na msumeno wa umeme. Kovu mnaliona. Siku ile iliuma zaidi.

"Domitila, mimi ndiye fundi wa majeneza mji huu."

"Najua."

"Watu watasema nini? Mke wa Gervas kazikwa kwenye kazi ya mtu mwingine?"

"Watasema watakayosema, mimi sitakuwepo kusikia." Alicheka kidogo, akakohoa, nikamshika mgongo mpaka kikohozi kikatulia. Kisha akaongea polepole. "Wewe unapotengeneza jeneza nakusikia kutoka humu ndani. Unapiga misumari kama mtu anayefunga duka. Kwako huo ndio mwisho wa habari. Mimi siendi mwisho wa habari. Nataka sanduku langu litengenezwe na mtu anayejua kwamba naliazima tu."

"Unasema mimi siamini."

"Nasema unaogopa. Mimi nimeacha kuogopa, na sitaki uniambukize tena."

Nilitoka nikakaa karakanani. Ng'ambo nilimwona Zakaria anakunja turubai, anaimba kwa Kirundi, watoto wake wanambebea vifaa. Nikajiuliza Mungu alimpendea nini mtu yule hata akampa na hilo.

Noeli ile Domitila alisema lazima aende kanisani. Salome alikuja na mumewe, tukampakia kwenye bajaji ya kijana wa jirani, taratibu tukikwepa mashimo. Tulimkalisha mbele karibu na pango. Watu walipokwenda kumwabudu Mtoto, aliomba tumsogeze. Akaweka kiganja chake kwenye ukingo wa lile hori la gogo, akakiacha pale mpaka wimbo ukaisha. Sikumwona akilia. Alikuwa na uso wa mtu aliyefika stendi mapema akakuta gari lipo.

Kabla ya Mwaka Mpya alifariki. Ilikuwa mchana, mimi na Salome tupo. Alimwambia Salome asisahau kurudisha sufuria za jirani, akafumba macho, na baada ya muda tukajua.

Msiba ukajaa. Wanaume walikaa chini ya turubai nje, mimi katikati yao kwenye kiti, nimepewa blanketi begani kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Na ng'ambo ya barabara nikasikia randa la Zakaria. Alikuwa ameanza.

Sikilizeni sasa, maana hapa ufundi na habari hii vinakutana. Randa lina sauti. Likienda na nyuzi za mbao linasema kama mtu anayechana karatasi. Likienda kinyume na nyuzi linakoroma na kurukaruka, linang'oa vipande. Nilikaa pale nikisikia randa la Zakaria linakoroma. Nikajua amepata ubao wa mninga wenye nyuzi zilizopindana, ule unaokwenda upande huu hadi katikati kisha unageuka. Fundi mzuri kama yeye aliujua ubao wa namna hiyo vizuri kabisa. Lakini lilizidi kukoroma, nikaelewa kwamba mikono yake inatetemeka. Alimpenda shemeji yake, nami nilikuwa nimesahau kwamba yeye pia amefiwa.

Watu walikuwa wananiambia pole. Randa likakoroma tena. Nilivumilia, nikavumilia, kisha nikavua blanketi. Mjomba wake Domitila akaniuliza, "Unakwenda wapi, Gervas? Mfiwa hafanyi kazi." Nikavuka.

Zakaria aliniona akasimama wima, randa mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikumsalimia. Nilipitisha kiganja juu ya ubao, nikapata mahali nyuzi zinapogeuka, nikaweka alama kwa ukucha. Nikashika randa, nikapiga kutoka huku hadi kwenye alama, nikazunguka, nikapiga kutoka kule. Ubao ukanyamaza. Yeye akashika ncha ya pili, tukauweka sawa na mwenzake.

Tukaunga ubao baada ya ubao. Mara moja nilinyoosha mkono kwenye kopo la misumari kwa mazoea, akalisogeza mbali, akanipa nyundo ya mti na vigingi vya mti. Nikapiga. Havikulia kama duka linalofungwa.

Tulipofika kwenye kifuniko nikasema bila kumtazama, "Alitaka ufanye peke yako. Mimi nimekuharibia."

"Hapana, kaka," alisema Zakaria. "Aliniambia nisikuite. Lakini alisema ukija mwenyewe, nisikufukuze."

Niliweka nyundo chini. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya barabara nzima, na bodaboda zikawa zinapunguza mwendo.

Mngependa niwaambie wivu uliisha siku ile. Haukuisha. Tulimzika, padre akasema maneno mazuri kuhusu Mtoto aliyezaliwa ili kifo kisiwe na neno la mwisho, nami nilimwangalia Zakaria akiyasikiliza. Aliyasikiliza kama mtu anayesomewa habari za nyumbani kwao. Nilimwonea wivu mpaka udongo ulipokwisha.

Baada ya masika nilichonga msalaba wa mninga mkavu kuweka badala ya ule wa haraka tuliouweka siku ya mazishi. Kazi ya kuchimbia ni ya watu wawili, nikavuka barabara kumwomba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwomba kitu. Alichukua sururu, tukaenda makaburini asubuhi, nyasi zikiwa bado na maji.

Tulichimbia, tukashindilia, nikapima kwa jicho kama umesimama wima. Ulikuwa umesimama. Zakaria akavua kofia akasali kimya. Mimi nilisimama tu. Alipomaliza nikaona afadhali niseme.

"Zakaria, mimi nakuonea wivu. Tangu siku ile ulipokuja na mfuko wako."

"Najua, kaka. Shemeji aliniambia."

"Kazi nilishakuachia, na wateja. Lakini hili linanishinda. Mimi ndiye mume wake, na wewe ndiye unayejua kwamba utamwona. Mimi natamani kujua. Kila siku natamani."

Hakunihubiria. Alikaa kwenye nyasi, akang'oa majani kadhaa, akayatazama.

"Na mimi nakuonea wivu wewe," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Mimi?"

"Wewe una mahali pa kuja kusimama. Baba yangu alianguka njiani kabla sijazaliwa. Kaka zangu wawili nao, kila mmoja mahali pake. Walifukiwa haraka, watu wakaendelea kukimbia. Mama mpaka anakufa hakuweza kukumbuka ni wapi. Hakuna msalaba, hakuna tuta la udongo, na sura zao sizijui. Siku ile watakapofufuka wote, wewe utamwona Domitila umwite jina. Mimi nitasimama katikati ya watu wote wale, sijui hata nianzie wapi."

Nilimtazama, huyu mtu niliyedhani amepewa kila kitu. Mvi zilikuwa zimeanza masikioni.

"Nitakusaidia kuwatafuta," nikasema.

Zakaria akainua kichwa. Akanitazama, na mimi nikabaki nimesimama na sururu mkononi, nikisikiliza maneno niliyokuwa nimeyasema, tena kama mtu anavyosema kesho tutalima.